Chuo Kikuu au Karakana: Mfuko wa Elimu Umsaidie Nani?

(Hotuba ya Mwenyekiti wa Kamati ya Elimu ya chama chetu cha ushirika, aliyowaambia wanachama na vijana kwenye ghala la kahawa. Imeandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani.)



Leo sikuja kusema habari ya bei ya kahawa. Nimekuja kusema juu ya mtoto aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na sasa yuko nyumbani. Baba anasema chuo kikuu, mama anasema aende kwa fundi, na mwenyewe kanyamaza tu.

Jambo hili ni letu sote, kwa sababu Mkutano Mkuu unaokuja utaamua namna ya kutumia mfuko wetu wa elimu. Mpaka leo mfuko huo unamsaidia anayekwenda chuo kikuu peke yake. Anayekwenda kujifunza ufundi hapati hata fedha ya kununulia plasi. Na fedha hizo zimetoka kwenye kahawa ya kila mwanachama, pamoja na yule ambaye mtoto wake yuko gereji. Kamati yenu inaona hiyo si haki.

1. HESHIMA YA CHUO KIKUU ILITOKA WAPI

Wazee wengi wanasema kwamba asiyefika chuo kikuu hakusoma. Siwalaumu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi ilikuwa inapata uhuru na viti vya ofisini vilikuwa vinangoja watu. Aliyesoma alijua kazi yake iko wapi kabla hata hajamaliza. Wazee waliyaona hayo kwa macho yao.

Lakini jamani, hali imebadilika. Leo vyuo vikuu ni vingi, na kila mwaka wanatoka wahitimu maelfu kwa maelfu. Viti vya ofisini havikuongezeka kwa mwendo huo. Shahada bado ina kazi yake, ila haimfuati mtu nyumbani na mshahara.

Tena tukumbuke, hata zamani hizo watu walijiuliza. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka aliyemaliza kidato cha sita aende kazini kwanza, ndipo aombe chuo kikuu. Utaratibu huo ulikwisha siku nyingi. Lakini swali lake ni zima: kijana aijue kazi kabla ya kuichagua, au aichague kwa kusikia tu?

2. TUSIKIDHARAU CHUO KIKUU

Wako watakaonisikia wakaenda kusema, "Mwenyekiti kakataza watoto wasisome." Sikusema hivyo. Hakuna mtu anayekuwa daktari kwa kukaa kando ya daktari na kumshikia mkoba. Udaktari ni miaka 5 darasani na mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Mhandisi husoma miaka 4. Bwana shamba mtafiti anayetafuta miche ya kahawa isiyougua naye hana njia ya mkato.

Kwa hiyo kijana aliyefaulu masomo ya sayansi na mwenye moyo wa kazi hizo, tukimzuia kwa sababu ya nauli na godoro tumejikata mguu wenyewe. Ninayemsemea ni yule anayepelekwa chuo kikuu ilimradi aende, kozi yoyote, ili baba yake apate la kusema kilabuni.

3. MKOPO SI ZAWADI

Vijana wengi wanategemea Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ni jambo jema, limewainua wengi waliotoka nyumba kama zetu. Ila mkopo hulipwa. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Hebu tupige hesabu. Akilipwa shilingi 800,000 kwa mwezi, shilingi 120,000 zinakwenda kwenye deni, mwezi hata mwezi, mpaka liishe. Asipopata ajira, deni halifi.

Basi kabla ya kusaini, kijana na mzazi wakae waulizane: kozi hii inakwenda kwenye kazi gani, na kazi hiyo itaweza kulipa deni hili? Tujue pia kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imeanza kukopesha hata baadhi ya kozi za stashahada. Si lazima mtu akimbilie shahada kwa kudhani mkopo uko huko tu.

4. UFUNDI UNA NGAZI ZAKE

Tazameni hapa kwetu. Mashine ya kumenya kahawa ikikwama katikati ya msimu, tunamngoja fundi kutoka mjini, na kahawa haingoji. Ikilala bila kumenywa inaharibika, daraja linashuka, na bei inashuka nayo. Pampu ya maji ni hivyo hivyo. Umeme umeingia vijijini, nyumba zinataka kufungwa nyaya. Kazi zipo. Mafundi wa kweli ndio wachache.

Kuna njia mbili za kuupata ufundi. Ya kwanza ni chuo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya pili ni uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa kuifanya, chini ya fundi mwenyewe.

Hapo kwa fundi ndipo nataka mnisikilize vizuri. Kijana anapelekwa gereji, anaitwa saidia fundi, miaka 3 anaosha vipuri na kutumwa chai. Akiuliza lini atafundishwa, anaambiwa ana haraka. Huo si uanagenzi, ni utumishi wa bure. Mzazi asimkabidhi mtoto kwa maneno matupu. Iandikwe karatasi, fundi asaini, mzazi asaini, na kijana asaini, ikiwa na mambo haya:

(a) Atajifunza kwa muda gani.
(b) Atafundishwa kazi zipi, na kwa mpangilio gani.
(c) Chakula na nauli ni juu ya nani, na ataanza lini kupewa posho.
(d) Zana ni za nani, na akimaliza anaondoka na zipi.
(e) Ataruhusiwa siku za kwenda kupimwa ujuzi.

Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Aliyejifunzia mtaani anaweza kwenda VETA akapimwa ujuzi alionao na kupewa cheti. Msiseme "cheti cha nini, mikono yangu inatosha." Kazi ya kufunga umeme, kwa mfano, ina leseni yake inayotolewa na EWURA. Asiye nayo atafanya kazi yote juani, halafu mwenye leseni atakuja kusaini na kuchukua sehemu kubwa ya malipo.

5. NJIA HIZI ZINAKUTANA

Watu wanadhani ukienda ufundi mlango wa chuo kikuu umefungwa. Sivyo. Mwenye cheti cha kidato cha nne na ngazi ya tatu ya VETA anaweza kuomba chuo cha ufundi kuanzia ngazi ya nne. Ngazi ya sita ni stashahada, na ya nane ni shahada. Ngazi ni ndefu, lakini anayepanda hivyo anapanda huku ana kazi mkononi. Akiishia katikati kwa kukosa ada, bado ni fundi. Aliyeacha shahada mwaka wa pili anarudi na nini?

Mfano tunao katika ushirika wenyewe. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963 kwa kuwafundisha watumishi wa vyama vya msingi kutunza hesabu na kuendesha ghala. Mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Kama chuo chenyewe kilianzia chini kikapanda, kwa nini tumwonee haya kijana anayeanzia chini?

6. HOJA YA KAMATI

Ndugu wanachama, kamati inaleta mambo matatu, tuyapigie kura:

Kwanza, mfuko wa elimu umsaidie anayekwenda chuo kikuu na anayekwenda ufundi kwa kipimo kimoja: uhitaji wa nyumba yake na bidii yake.

Pili, kwa mwanagenzi, sanduku la zana lihesabiwe kuwa ni ada. Fundi asiye na zana ni kama mwanafunzi asiye na kalamu.

Tatu, msaada usitolewe kabla kamati haijaiona barua ya chuo au karatasi ya makubaliano na fundi. Mabinti wapewe nafasi sawa na wavulana katika njia zote mbili.

Nanyi vijana, msikae mkingoja wazee wamalize kubishana. Nendeni mkashinde siku chache kwa mtu anayeifanya kazi mnayoitaka. Anayetaka uuguzi aende zahanati, akaombe ruhusa ya kutazama. Anayetaka uchomeleaji aende karakana, aone moshi na moto. Halafu rudini mseme wenyewe. Mzazi hawezi kukusomea mtihani, wala hatakushikia nyundo.

Wanaotaka kusaidiwa waandikishe majina kwa Katibu kabla ya siku ya Mkutano Mkuu. Kila mmoja aseme anataka njia ipi na kwa nini. Sababu ya "wenzangu wanakwenda" haitapokelewa.

Ushirika udumu.