Marimba ya Langa

Vijana wa Afrika ya Kusini wapigao ngoma wakitaraji kufika majukwaa ya ughaibuni hawafuati ruya tupu; kwani mwaka 1979, mtaani Langa, Cape Town, katika zama za dhuluma ya ubaguzi, Dizu Plaatjies na wenzake waliasisi kundi la Amampondo, wakapiga marimba njiani wakitunzwa na wapitao, hata mwaka 1988 wakasikika uwanjani Wembley, London, katika tamasha la kumwadhimisha Mandela, naye angali mahabusi, kwa kutimiza miaka 70. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba marimba yenyewe, ambayo wageni huyadhania urithi wa kale wa Waxhosa wa nchi hiyo, yalienezwa kwao na walimu na wamisionari katika nusu ya pili ya karne ya 20.