Muulizeni Mgonjwa Anameza Dawa Gani



Katika Siku hii ya Magonjwa Adimu naomba nizungumzie mapafu, hasa mapafu yanayodhurika kwa dawa tunazoziandika sisi wenyewe.

Mwaka 1965 dawa ya kupunguza hamu ya kula iitwayo aminoreksi iliingia sokoni Uswisi, Austria na Ujerumani Magharibi. Haukupita muda, hospitali za huko zikapokea watu wanaohema kwa kupanda ngazi chache tu. Presha ya mishipa ya mapafu, ugonjwa ambao daktari angeweza kustaafu bila kuuona, ikaongezeka ghafla. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamemeza kidonge kilekile. Mwaka 1968 kikaondolewa sokoni, na wengine walikuwa wameshafariki.

Dawa zinazoweza kugusa mapafu tunazo hata sisi, na ni dawa nzuri. Amiodaroni hutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika, lakini hujikusanya mwilini na kwa baadhi ya watu huacha makovu mapafuni. Nitrofurantoini, tunayoitoa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, mara chache huleta homa, kikohozi na kubanwa na pumzi. Enalaprili na kaptoprili za presha huleta kikohozi kikavu, nacho wala si adimu.

Mgonjwa mwenye kikohozi hicho tunampima TB, haonekani nayo. Tunampa antibaiotiki, anarudi. Tunampa nyingine, anarudi tena. Kidonge kinachomkohoza bado anakimeza kila asubuhi. Jambo hili linaniumiza sana, maana kikohozi cha enalaprili huisha mtu akibadilishiwa dawa, ilhali kovu la mapafu halifutiki.

Ndugu wagonjwa, msiache dawa kwa kusikia maneno yangu. Kuacha dawa ya moyo kiholela kunaweza kuua. Bebeni vidonge vyenu vyote, hata vya duka la mtaani, mkamwonyeshe daktari.

Nanyi watoa huduma, kila mwenye kikohozi kisichoisha aulizwe anameza nini na tangu lini. Mkishuku dawa, jazeni fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Msingoje uhakika, shaka inatosha. Tanzania imo katika mpango wa WHO wa kufuatilia madhara ya dawa tangu 1993, na hapa nchini mpango huo unategemea sana macho yenu.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba maadhimisho haya yamefunguliwa rasmi.