Fungu la Yatima katika Bajeti ya Usharika

Mada kwa semina ya uwakili ya wazee wa kanisa na wahazini



Semina nyingi za uwakili huzungumzia muumini atoe kiasi gani. Leo naomba tuzungumzie sadaka ikishahesabiwa na kupelekwa benki.

Kumbukumbu la Torati 14, mstari wa 28 na 29, inaagiza kwamba kila mwisho wa mwaka wa tatu zaka ya mazao iwekwe malangoni, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Yatima hakungojea masalio. Fungu lake lilijulikana, na aliweza kulipata mjini kwake mwenyewe, kwa watu wanaomfahamu. Sasa fungueni bajeti zetu. Kuna ujenzi, mishahara, mchango wa dayosisi, vyombo vya kwaya. Yatima mara nyingi amefichwa ndani ya "mengineyo".

Kisha inafika Desemba. Tunakodi basi dogo, tunapakia mchele, sukari, miche ya sabuni na katoni za juisi, tunakwenda kituo cha kulelea yatima. Watoto wanaimba, tunaomba, tunapiga picha, tunarudi. Waliotoa wametoa kwa moyo, na mchele ule unaliwa. Lakini mtazameni yule mtoto wa miaka minne anayekumbatia miguu ya kila mgeni anayeshuka kwenye basi. Mtoto mwenye mama humwonea haya mgeni na kujificha nyuma ya kanga ya mama. Huyu hana wa kujificha nyuma yake, ndiyo maana kila mgeni ni wake. Watafiti waliowafuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, waliona kwamba waliohamishiwa kwenye familia za malezi walikua vizuri kuliko waliobaki, hasa waliohama kabla ya kutimiza miaka miwili.

Tunapenda kumtaja George Müller, na anastahili kutajwa. Alifungua nyumba ya kwanza ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, na hadi anafariki mwaka 1898 alikuwa amehudumia watoto zaidi ya 10,000 bila kumwomba mtu fedha. Imani yake tunaihubiri sana; vitabu vyake vya hesabu hatuvihubiri. Waliotoa walipewa stakabadhi, na taarifa za mapato na matumizi zilichapishwa watu wazisome. Na shirika hilohilo, mwaka 1958, liliyauza majumba yake makubwa ya Ashley Down, watoto wakalelewa katika nyumba ndogo za kifamilia. Kama warithi wa Müller waliyaacha majengo, kwa nini sisi bado tunachangisha fedha za kujenga mabweni?

Mtoto anahitaji nyumba yenye watu wake. Mara nyingi watu hao wapo: shangazi, mjomba, na zaidi ya wote bibi. Bibi mwenye wajukuu watatu akisaidiwa unga, sare za shule na bima ya afya, hatalazimika kuwapeleka kituoni. Hapo ndipo fedha ya usharika ianzie.

Asipokuwepo ndugu, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imefungua njia. Kuna malezi ya kambo, ambapo familia humlea mtoto chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi wa Jamii. Kuna pia kuasili, ambako hukamilishwa kwa amri ya mahakama. Amri ikishatoka, mtoto anakuwa wako kana kwamba umemzaa, na anarithi. Safari hiyo huanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Isianzie kwa msimamizi wa kituo unayefahamiana naye, wala kwa muuguzi aliyekunong'oneza kwamba kuna mtoto ameachwa.

Ninajua kinachosemwa majumbani: hatujui asili yake, ukoo hautamkubali, ardhi itagombaniwa. Wachungaji, hili ni lenu kulisema madhabahuni. Paulo anawaandikia Warumi na Waefeso kwamba tumefanywa wana wa Mungu na tukawa warithi. Tunaipokea habari hiyo kwa shangwe, kisha tukifika nyumbani tunasema mtoto wa watu hawezi kurithi shamba letu.

Wahazini nao wana onyo lao. Agosti 2020 Serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili mmoja, ikiwatuhumu kuhusika katika mpango wa kuwachukua watoto vijijini, kwa wazazi walioahidiwa kwamba watoto wao watasomeshwa, ili waasiliwe Marekani. Penye fedha nyingi na usimamizi mdogo, mtoto hugeuzwa bidhaa. Kwa hiyo fedha ya usharika isimlipe mtu yeyote ili mtoto "apatikane". Imlipie mzazi mlezi nauli ya kwenda mahakamani, ada ya wakili anayetoa risiti, godoro na chandarua cha mtoto, na matibabu ya mwaka wa kwanza, maana watoto wengi huingia nyumbani wakiwa dhaifu.

Napendekeza asilimia 5 ya mapato ya usharika. Wapo watakaoona ni nyingi kabla paa halijakamilika. Mimi naona ni kiwango cha chini. Fungu liwe na kamati yake, Afisa Ustawi wa Jamii ashirikishwe, na mhazini asome hesabu zake ibadani kila robo mwaka. Asome fedha tu. Majina ya watoto yasitajwe wala picha zao zisibandikwe ubaoni, kwa sababu mtoto anayelelewa hadaiwi shukrani ya hadharani.

Vikao vya bajeti ya mwaka ujao viko karibu. Wahazini, nawasihi mwingie humo mkiwa mmeshauandika mstari wa yatima pamoja na kiasi chake, juu ya mstari wa ujenzi.