Wa Kuokoka ni Nani?

Leo napenda tuliangalie swali ambalo huulizwa sana baada ya mazishi, ingawa wengi huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu. Wa kuokoka ni nani, na wa kupotea ni nani?

Mtu mmoja alimwuliza Bwana Yesu swali la namna hiyo njiani kwenda Yerusalemu. Habari yake imo katika Luka sura ya 13. Alitaka kujua kama watakaookoka ni wachache. Bwana hakumpa hesabu. Aliwaambia yeye na wenzake wajitahidi kuupita mlango mwembamba kabla mwenye nyumba hajaufunga. Mtu yule aliuliza habari za wengine, akajibiwa habari zake mwenyewe. Tena aliambiwa kwamba wageni kutoka pande zote nne za dunia wataketi mezani pa Mungu, na baadhi ya waliojidhania kuwa wenyeji watabaki nje.

Katika Marko sura ya 10 waliouliza ni wanafunzi, baada ya yule tajiri kuondoka kwa huzuni. Walishtuka sana. Watu wengi wakati ule waliuona utajiri kuwa dalili ya baraka ya Mungu; basi kama mtu huyu hawezi, atakayeweza ni nani? Jibu la Bwana lilikuwa kwamba kwa wanadamu haiwezekani, ila kwa Mungu yawezekana. Sikia vizuri, ndugu yangu: hapo tajiri na maskini wote wameshindwa, na mchungaji mwenye kanzu nyeupe ameshindwa pamoja nao. Anayeokoka ameokolewa kwa neema.

Sisi Waprotestanti twalishika neno hilo la neema kwa mikono miwili, na ni haki. Lakini hata walioshika neema wamebishana juu ya mipaka yake. John Wesley na George Whitefield wote wawili walikuwa makasisi wa Kanisa la Uingereza. Mwaka 1739 Wesley alihubiri kwamba neema ya Mungu ni ya watu wote. Whitefield, aliyeamini kwamba Mungu amewachagua wateule wake tangu milele, akamjibu kwa barua ndefu mwaka uliofuata. Urafiki wao uliumia. Hata hivyo Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri kwa heshima katika ibada ya kumkumbuka huko London. Mabishano yale hayajakwisha hata leo, wala sidhani yatakwisha kwa dakika zangu chache hapa redioni.

Hebu sasa tumtazame Kornelio, akida wa Kirumi, katika Matendo ya Mitume sura ya 10. Alikuwa mtu wa sala na sadaka, lakini hakutahiriwa. Mungu hakuzidharau sala zake. Wala hakumwambia kwamba sala hizo zatosha. Alimwagiza atume watu Yafa wakamwite Petro, ili alisikie jina la Yesu. Na Petro mwenyewe ilimbidi aonyeshwe maono mara tatu juu ya dari kabla hajakubali kuingia katika nyumba ile. Alipokuwa angali akisema, Roho Mtakatifu akawashukia wasikilizaji, nao wakabatizwa baadaye. Petro aliporudi Yerusalemu, ndugu walimlaumu kwa kula na watu kama hao! Mungu alikuwa amekwisha kufungua, na kanisa bado linashika komeo.

Nasi tunayo makomeo yetu. Uamsho uliotoka Rwanda ukafika Kabete mwaka 1937 ulileta toba ya kweli katika nchi hii, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini wako wanaomwambia Mkristo mzee kwamba kwa kuwa hawezi kutaja siku na saa aliyookoka, basi hajaokoka. Je, Timotheo alitaja siku gani? Paulo amwandikia habari za imani ya nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Mtoto aliyelelewa hivyo huenda hajui siku aliyoanza kumpenda Bwana, kama asivyoijua siku aliyoanza kusema lugha ya mama yake.

Tena nimesikia kando ya kaburi lililo wazi mhubiri akitangaza kwamba mzee aliyelala pale yumo motoni. Mjane alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale. Baadaye aliniuliza, “Mchungaji, na baba yake je, na babu yake, ambao hawakumwona mhubiri hata mmoja?”

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Waliokufa bara mwaka 1843 walisikia kwa nani? Kanuni 39 za Kanisa letu, zilizothibitishwa mwaka 1571, zasema katika ile ya 18 kwamba mtu haokolewi na dini yoyote kwa sababu tu aliishika kwa bidii. Wokovu u katika jina la Yesu pekee. Naiamini kanuni hiyo. Lakini Abrahamu na Rahabu hawakulisikia jina hilo, na Waebrania sura ya 11 yawahesabu miongoni mwa wenye imani. Damu ya Kristo iliwafikia walioishi kabla yake. Imewafikia nani wengine? Wako ndugu wanaosema kwamba asiyesikia hana tumaini, nao wana aya zao. Mimi nilimsomea mama yule Mwanzo sura ya 18, pale Abrahamu anapomsihi Mwamuzi wa dunia yote atende haki, nikamwambia kwamba sikupewa ruhusa ya kuketi kitini pake.

Wewe unayenisikiliza, hukufa mwaka 1843. Umesikia.

Kesho saa kama hii, Mungu akipenda, tutasoma Warumi sura ya 10, pale Mtume anapouliza watu watasikiaje pasipo mhubiri. Mwenye Biblia na aiweke karibu.