Sabuni Yetu ya Kwanza Ilituchoma Mikono

Wenzetu kina mama, kina baba na vijana mliotoka Tezo, Matsangoni na Gede, tumeombwa tuwaeleze jinsi ya kutengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi. Tutaeleza. Lakini kwanza tutawaambia jinsi tulivyoharibu, maana makosa yale yalitupotezea pesa, na nusura yawaumize majirani zetu.

Sababu ya kuanza ilikuwa nyepesi. Nazi tunazo. Mnajua wenyewe, nazi zikiwa nyingi dalali anakuja na bei yake mfukoni. Na sabuni tunanunua dukani kila wiki. Tukasema, mbona tunauza nazi kwa bei ya kutupa halafu tunanunua sabuni? Basi tukachanga. Tukanunua kostiki soda, tukakuna nazi kwa mbuzi, tukachuja tui kwa kifumbu, tukalichemsha mpaka mafuta yakajitenga. Tulikuwa na haraka, hata tukapokea pesa za watu kabla sabuni yenyewe haijakuwako.

Siku ya kazi tulifanya makosa matatu.

Kosa la kwanza ni sufuria. Tulichukua sufuria hizi zetu za alumini. Kumbe kostiki na alumini hazipatani! Maji yalichemka bila moto, yakatoa mapovu na moshi wa kukaba koo, sufuria ikageuka nyeusi. Baadaye tuliambiwa kwamba gesi inayotoka pale ni haidrojeni, nayo hushika moto. Na jiko lilikuwa karibu! Tukahamishia ndoo ya plastiki, tukaendelea.

Kosa la pili ni kipimo. Tulipima kostiki kwa kikombe cha chai, na mafuta kwa chupa ya lita. Lita moja ya mafuta ya nazi si kilo moja. Uzito wake ni kama gramu 920. Na kikombe kimoja cha kostiki hakilingani na kingine. Kwa hiyo kostiki ilizidi mafuta.

Kosa la tatu, hatukungoja. Siku ya nne tulikata tukagawana. Mwenzetu mmoja alifulia nguo za mtoto, jioni mikono ikambabuka.

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Pesa za watu tulikuwa tumezipokea, na nyingine tumeshazitumia. Baadhi yetu tulisema tuuze hivyo hivyo, tuseme ni ya kusugulia sakafu. Lakini jamani, nani atamfuata mnunuzi nyumbani kuangalia kama hamwogeshei mtoto? Tulibishana mpaka magharibi. Mwisho tulikubaliana: sabuni yote itupwe chooni, na tuchange upya turudishe pesa za watu. Tulipita nyumba kwa nyumba. Aibu tuliipata, hatufichi. Lakini wale wale tuliowarudishia pesa ndio wateja wetu wa kwanza leo.

Sasa njia tunayofuata ni hii. Andikeni.

Kwa kilo moja ya mafuta ya nazi, maji yawe gramu 350. Kostiki iwe gramu 170 kwa sabuni ya kufulia. Kwa sabuni ya kuogea tunatia gramu 150, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka, maana sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Vyote vitatu vipimwe kwa mzani, hata maji. Mzani mdogo wa dijitali wa jikoni unatosha. Na wengine wanauliza, je, magadi tunayotia kwenye maharagwe hayafai? Hayafai. Magadi ni kitu kingine, nguvu yake haitoshi kugeuza mafuta haya.

Fanyeni kazi nje, penye upepo. Vaeni glavu za mpira, miwani na nguo za mikono mirefu. Watoto, kuku na mbuzi wawe mbali. Chukueni ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha stenlesi, na mwiko wa mbao ambao hautarudi tena jikoni. Tieni maji kwanza, halafu kostiki kidogo kidogo mkikoroga. Shikeni neno hili: kostiki huingia majini, maji hayaingii kwenye kostiki. Mkigeuza, itaruka usoni. Maji yatakuwa moto sana yenyewe; yaacheni yapoe mpaka yawe vuguvugu.

Kisha mimineni maji hayo ya kostiki kwenye mafuta, mkoroge taratibu mpaka yawe mazito kama uji, na mwiko ukiinuliwa uache alama juu. Mimineni kwenye sanduku la mbao lililotandikwa karatasi ya plastiki. Sabuni ya nazi hukauka upesi, kwa hiyo ikateni siku hiyo hiyo ikishashikana. Mkilala nayo hadi kesho itapasuka chini ya kisu. Vipande vipangwe kivulini penye hewa kwa wiki 4 hadi 6. Huko kungoja ndiko kulikotushinda mara ya kwanza.

Jambo zuri ni kwamba sabuni hii inatufaa sisi watu wa pwani. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na sabuni nyingine humo hukataa povu. Ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, ndiyo maana mabaharia waliipenda.

Kuna jambo moja hatulifanyii mzaha. Kostiki isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa huungua koo, na anaweza kufa au kubaki hawezi kumeza chakula. Iwekwe kwenye chombo chake chenye mfuniko, kiandikwe, kifungiwe. Mtoto akiimeza msimtapishe, maana itamchoma tena ikipanda. Mkimbizeni hospitali mara moja. Ikimwagikia ngozi au jicho, osheni kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, halafu nendeni hospitali. Msipake ndimu wala siki.

Na mtakapouza, semeni kweli. Ukitia majani ya mwarobaini, sema umetia mwarobaini. Usiseme inaponya ukurutu. Na mtakaotaka kupeleka dukani, nendeni kwanza kuuliza KEBS masharti ya ubora. Kuuliza si ujinga. Sisi tungeuliza mapema, tusingetupa mafuta ya nazi zote zile.

Basi anayetaka kuanza asinunue kostiki peke yake. Aje na mafuta yake kwetu siku ya kikundi, tupime pamoja. Mzani tunao, na glavu zipo. Lakini sufuria yako ya alumini, mwenzetu, iache nyumbani.