Ripoti ya MCA Si Zawadi: Nenda na Karatasi Yako

Vijana wa Bahati, na nyote mnaotufuata kutoka Nakuru na kwingineko, leo naomba tuzungumze kuhusu ule mkutano ambao kila mtu ameuona. Hema limewekwa, viti vya plastiki vimepangwa, wazee wamekaa mbele, vijana mko nyuma mmeegemea bodaboda. Mheshimiwa MCA anasimama na kusema amekuja kuwapa ripoti. Greda ilipita pale, mulika mwizi imewekwa hapa, chekechea imejengwa kule. Watu wanapiga makofi. Halafu mikono mitatu minne inainuka, maswali yanajibiwa kwa "hilo tunalifuatilia", na kila mtu anaenda zake.

Sina ubaya na mkutano huo. MCA anayerudi kwa watu wake kuwaeleza kazi inavyoendelea ni bora kuliko yule unayemwona kwenye mabango peke yake. Lakini hebu jiulize: wewe ulijuaje kama alichosema ni kweli? Na kuna swali zito zaidi. Wakati unasikia kwamba barabara ya kwenu haimo kwenye bajeti, bado ulikuwa na nafasi ya kubadilisha kitu, ama ulikuwa unasomewa hukumu iliyokwisha kuandikwa?

Tuanze na jambo dogo linalochanganya wengi. Wazee wetu bado wanasema "kanju" na "kansela". Mabaraza yale ya zamani, la manispaa na la kaunti, yalikwisha na uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Nakuru ikapata hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini jiji hilo halina madiwani wake wa kuchaguliwa. Linasimamiwa na bodi. Kwa hivyo mtu uliyempigia kura akuwakilishe katika serikali ya mashinani ni mmoja tu, naye ni MCA wa wadi yako. Eneo bunge la Bahati lina wadi tano: Dundori, Kabatini, Kiamaina, Lanet/Umoja na Bahati. Ukijua wadi yako, unajua ni nani anayepaswa kukujibu.

Je, kazi yake ni ipi? Kifungu cha 185 cha Katiba kinasema bunge la kaunti linatunga sheria, linaidhinisha mipango, na linaisimamia serikali ya gavana. Soma vizuri hapo. Haikusemwa anunue changarawe, wala alipe karo, wala achangie harambee. MCA hajengi barabara. Anayejenga ni serikali ya kaunti iliyo chini ya gavana, na MCA ndiye wa kuuliza kwa nini mkandarasi alilipwa na mtaro haupo. Sisi tukimpima MCA kwa noti anazotoa mfukoni, tunamwondolea kazi ya kuuliza. Na yeye atafurahi, kwa sababu kutoa noti ya mia tano ni rahisi kuliko kumbana waziri wa kaunti mbele ya kamati.

Vilevile ujue kipi ni cha kaunti na kipi si cha kaunti, usije ukapelekwa huku na huku. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Zahanati na hospitali kama ile ya Bahati ni za kaunti. Maji, taka, masoko, taa za barabarani, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini pia ni vya kaunti. Polisi, chifu, vitambulisho, shule za msingi na za upili ni vya serikali ya kitaifa. Barabara kuu inayotoka Nakuru kupitia Bahati kuelekea Nyahururu ni ya kitaifa, iko chini ya KeNHA. Ukimlilia MCA kuhusu lami ya barabara ile, atakupa pole tu. Lakini kwa barabara ya kaunti inayoingia mtaani kwenu, hana pa kujificha.

Na kuna kitu kimoja ndani ya jedwali hilo ambacho vijana wa Kiislamu wengi hawakijui. Makaburi yametajwa kwa jina, chini ya huduma za afya za kaunti. Sisi tunazika haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo. Familia nyingi za mjini na pembezoni mwa mji zinaishi kwenye ploti ya kupanga, hazina shamba la kuzikia. Mahali pakijaa, tunaanza kukimbizana na simu usiku, msiba uko ndani ya nyumba. Suala la ardhi ya kuzikia huwa tunalipeleka kwa wafadhili na wazee wa msikiti peke yao. Ni sawa, Mungu awalipe. Lakini hili pia ni jambo la bajeti. Linastahili kuandikwa na kupelekwa kaunti kama vile maji yanavyopelekwa.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo kila kitu kinaamuliwa. Tangu mwaka wa fedha wa 2021/22, Kaunti ya Nakuru imekuwa ikigawiwa zaidi ya shilingi bilioni 13 kila mwaka kutoka hazina ya kitaifa, kando na ushuru inaoukusanya yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Na sheria hiyo hiyo imeweka kalenda. Andika tarehe hizi kwenye simu yako leo, uwekee na kengele.

Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unapelekwa bungeni. Hapa ndipo miradi inaingia. Kufikia tarehe 28 Februari, kaunti inapeleka taarifa ya sera ya fedha, inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Tarehe 30 Juni bajeti inapaswa kuwa imepitishwa, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza.

Umeona mambo yalivyo? Mkutano wa ripoti ukifanyika Agosti, wewe unalalamika kuhusu bajeti iliyofungwa Juni. Kelele yako ni ya haki lakini imechelewa. Yule jamaa aliyekwenda kuketi kwenye kikao cha maoni mwaka uliotangulia, siku ya kazi saa nne asubuhi, na watu kumi na wawili tu, ndiye aliyeamua. Huenda hakuwa na hoja nzuri kukushinda. Alikuwepo tu.

Najua mtasema vikao hivyo vinatangazwa kimya kimya. Mara nyingine ni kweli. Basi mjue kwamba mahakama imelizungumzia jambo hilo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alisema kaunti isitosheke na tangazo la gazeti, bali iwafikie watu kupitia mabaraza, redio, makanisa na misikiti. Ndiyo, misikiti imetajwa. Kwa hivyo kamati ya msikiti ikiiandikia kaunti kuomba tangazo la kikao cha bajeti lifike kwao mapema, haiombi upendeleo wowote.

Na usikubali kusikia ripoti kwa masikio peke yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna. Unaandika barua, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Huhitaji kueleza sababu. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, unaweza tu kutozwa gharama ya kunakili karatasi. Ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua yenyewe haihitaji wakili. "Naomba orodha ya miradi ya wadi yangu katika mwaka wa fedha uliopita, kiasi kilichotengwa, kiasi kilicholipwa, na jina la mkandarasi." Sentensi moja, tarehe, sahihi. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri.

Pia bunge la kaunti linatakiwa kufanya vikao vyake hadharani. Kifungu cha 196 kinasema hivyo. Unaweza kwenda Nakuru mjini, ukakaa, ukaona kama mheshimiwa wako huongea ama hulala. Na Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti ya matumizi ya kila kaunti kila robo mwaka, iko kwenye mtandao bure. Bando unayomaliza kwa video usiku mmoja inatosha kuipakua.

Mbona nalisisitiza hili hivi? Kwa sababu karatasi hizi zina roho za watu ndani yake. Tarehe 9 Mei 2018, Bwawa la Patel lilipasuka kule Solai, si mbali na hapa. Zaidi ya watu 40 walifariki, wengi wao watoto na wanawake. Baadaye Mamlaka ya Rasilimali za Maji ikasema bwawa halikuwa na kibali. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka Mai Mahiu, ndani ya kaunti yetu hii, yakaua zaidi ya watu 45. Serikali yenyewe ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya njia ya maji iliyoziba chini ya reli. Kibali na kalavati, ndugu zangu. Haya ni mambo yanayotuchosha kuyasikia mkutanoni. Sisemi MCA mmoja angeyazuia, na yote mawili yanahusu pia serikali ya kitaifa. Ninachosema ni kwamba kuna swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema, mbele ya watu, na jibu lake liandikwe.

Basi mkutano ujao ukiitwa, msiende mikono mitupu. Gawaneni kazi. Kila wadi iwe na vijana watano. Mmoja aandike barua ya kuomba orodha ya miradi. Wawili wakatembee wapige picha: mtaro upo ama haupo, taa inawaka ama ni mlingoti tu. Mmoja afuatilie tarehe za vikao. Wa tano, na awe dada ikiwezekana, asimame kuuliza. Nasema dada kwa sababu anayeamka alfajiri kutafuta maji anajua bomba lilikauka lini.

Akisimama, aulize kwa heshima na kwa ufupi. "Mheshimiwa, tunashukuru kwa kuja. Mradi huu ulitengewa kiasi hiki, umelipwa kiasi hiki, na picha yake ni hii. Ulimuuliza nani bungeni, lini, na akakujibu nini?" Msimtukane. Msimkatize. Msikubali pia kijana yeyote akodiwe kupiga kelele, kwa upande wowote. Jibu likitolewa, liandikeni na tarehe, mlisome tena kwenye mkutano unaofuata.

Uchaguzi mkuu uko tarehe 10 Agosti 2027. Siku hiyo mtapewa karatasi ya kura. Kabla ya siku hiyo kuna tarehe 1 Septemba, tarehe 28 Februari na tarehe 30 Aprili, na hizo hazina msafara wala muziki. Kijana atakayezikumbuka hizo, kura yake itakuwa na uzito wa mtu anayejua anachokidai.

Anayetaka mfano wa barua aseme hapa chini na wadi yake, tutamtumia.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.