Kuacha Pombe: Mkutano Upi Utakufaa?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Hatukuja kuhubiri. Mahubiri juu ya pombe mmeyasikia kanisani na msikitini, na wengine wenu mwayasikia nyumbani kila mwisho wa mwezi. Neno letu leo ni kwa yule aliyekwisha kata shauri kuacha, lakini kila akijaribu peke yake hurudi pale pale. Mtu huyo huambiwa, "Nenda kwenye kikundi." Basi, kikundi kipi? Hapo ndipo wengi hukwama.

Kabla ya hayo, jambo lisilongoja. Mtu anywaye kila siku, ambaye asubuhi mikono humtetemeka mpaka apate kileo, asiache ghafla peke yake. Mwili uliozoea hivyo waweza kushikwa na kifafa au kuweweseka siku mbili tatu baada ya kuacha, na watu hufa kwa hilo. Aende hospitali kwanza, amwambie daktari ukweli wa kiasi anachokunywa.

Tena mjue hatari ya kazi. Sehemu ya 44 ya Sheria ya Ajira ya 2007 yampa tajiri ruhusa kumfukuza mara moja mfanya kazi aliyelewa saa za kazi akashindwa kazi yake. Ni kweli, sehemu ya 41 yamtaka kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mwenzake au mjumbe wa chama awepo. Tutakuja, tutasema. Shirika la Kazi Ulimwenguni nalo lilitoa mwongozo mwaka 1996 kwamba shida ya ulevi itendewe kama ugonjwa mwingine wowote, na mwongozo huo twaweza kuuweka mezani. Lakini ni mwongozo tu, si sheria. Kumtetea mtu anayehudhuria mikutano miezi mitatu sasa ni kazi nyepesi kuliko kumtetea anayeahidi kuanza kesho.

Kikundi kijulikanacho zaidi ni Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiojitaja. Kilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa watu wawili, dalali wa hisa na daktari mpasuaji, walioona kwamba mlevi humsikia mlevi mwenzake kuliko amsikiavyo mtu mwingine. Kenya pia ina mikutano yao. Hakuna kiingilio wala ada. Mwenye kitu huchanga, asiye nacho hadaiwi. (Sisi tunaokusanya ada kila mwezi twalistaajabia jambo hilo!) Sharti ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Iko mikutano ya wazi, ambayo hata mke au rafiki aweza kuingia, na iko ya faragha, ya wenye shida wenyewe. Mwenye hofu aanze na ya wazi, aketi nyuma asikilize. Halazimishwi kusema.

Sasa, kuchagua. Wengi huuliza, "Watu wa pale ni wa namna gani?" Sisi twaona swali la kwanza liwe: ni siku gani, saa ngapi? Mkutano ukufaao ni ule uliopo saa ambayo ungekuwa umeketi kilabuni. Mwenzetu mmoja alikuwa na mkutano mzuri wa Jumapili alasiri, watu wapole, chai ipo. Lakini Ijumaa ya mshahara hakuwa na pa kwenda ila kule kwa zamani, na kila mwezi alianguka siku ile ile. Alipohamia mkutano wa Ijumaa jioni, wenye watu ambao hata hakuwapenda sana, ndipo alipoanza kusimama. Tazama na njia pia. Kama toka kiwandani mpaka mkutanoni yakubidi upite mlango wa kilabu, tafuta njia nyingine au mkutano mwingine. Nauli nayo uihesabu ya mwezi mzima.

Lugha ni kubwa. Mingine huendeshwa kwa Kiingereza, na mtu hawezi kutoa la moyoni kwa lugha ya kujazia fomu. Mwenye kuogopa majirani achague mtaa wa mbali. Mikutano mingine hukaa katika majengo ya kanisa, na Mungu hutajwa. Lakini kila mtu huachiwa amfahamu kwa njia yake, na Mwislamu hafukuzwi. Wa zamu ya usiku wana mikutano ya simu, iliyoenea sana tangu 2020. Si sawa na kukaa na watu, ila ni afadhali kuliko kukosa.

Usihukumu kwa siku moja. Nenda mara kadhaa, hata vikundi viwili vitatu. Lakini wakikudai pesa nyingi, au wakikuambia utupe dawa za daktari, au ukisikia maneno yako sokoni, ondoka. Na wake zetu wasisahauliwe: Al-Anon, ya jamaa za walevi, ipo tangu 1951.

Asiyejua pa kuanzia apige simu 1192 ya NACADA, haina malipo. Anayetaka kusindikizwa mara ya kwanza amwambie mjumbe wa idara yake. Jina halitaandikwa kitabuni, na kama mkutano ni wa faragha, mjumbe atangoja nje mpaka mwisho.